Kitanda kimoja, kunguni tofauti

Frank McCourt alikuwa ameketi katika duka la vitabu mjini Limerick, magharibi mwa Ireland, akitia sahihi nakala za kitabu chake. Akafika mezani mwanamume wa rika lake, mtu aliyesoma naye utotoni, akakichanachana kitabu mbele ya macho ya aliyekiandika. Kitabu chenyewe ni Angela's Ashes, yaani Majivu ya Angela, kilichotoka mwaka 1996. Huku kinachanwa Limerick, kule Marekani kilikuwa kinagombewa madukani. Wahakiki wa vitabu wa nchi hiyo walikuwa wamekipa tuzo yao, na mwaka 1997 kikatwaa Pulitzer upande wa wasifu.

Mabishano juu ya kitabu hiki hayajaisha mpaka leo, na karibu kila mara huanzia mahali pamoja: ni kweli au si kweli? Wapo wanaosema mzee ametia chumvi mpaka chakula hakiliki. Wapo wanaomtetea kwa methali ambayo kila Mswahili anayo mfukoni, kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali nzuri, ila hapa inateleza. Yule mchana kitabu alikuwa amekilalia kitanda hichohicho. Alikaa shule moja na McCourt, akanyeshewa mvua ileile, akapigwa na walimu wa aina ileile. Kunguni anawajua. Hesabu yake tu ndiyo imetoka tofauti.

Mimi nimekisoma mara mbili, kwa miaka mingi kati ya mara ya kwanza na ya pili, na nikajikuta nimebishana na nafsi yangu. Mara ya kwanza nilikuwa wa McCourt mia kwa mia, na watu wa Limerick niliwaona kama wanakijiji waliokasirikia kioo. Mara ya pili sikuwa na uhakika huo. Nilichokiona safari hiyo ni kwamba swali la kweli na uongo limewekwa juu kama kawa. Ukilifunua, chini yake kuna swali jingine, gumu zaidi, ambalo wasomaji wengi hulizunguka bila kulitaja. Nitafika huko. Kwanza tukumbushane kilichomo, maana wapo wanaokigombania kitabu hiki kwa kusikia tu.

McCourt alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1930, mtoto wa wahamiaji wawili wa Ireland. Baba, Malachy, alitoka kaskazini. Mama, Angela, alitoka Limerick. Frank alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, baada ya dada yao mchanga kufariki, familia ilifanya jambo ambalo wahamiaji hawafanyi: ikageuza, ikarudi Ireland. Huko wadogo zake wawili mapacha wakafa mmoja baada ya mwingine. Baba alipopata kazi alikunywa mshahara wote Ijumaa, na asipopata alikunywa posho ya wasio na kazi. Vita Kuu ya Pili ilipozuka akaenda Coventry, Uingereza, kufanya kazi katika kiwanda cha silaha, kama walivyokwenda wanaume wengi wa vichochoro vile. Jumamosi watoto wa mtaa walisimama milangoni kumngoja kijana wa simu za maandishi na hundi zake kutoka Uingereza. Nyumba baada ya nyumba ikapokea. Kwa akina McCourt kijana yule alipita tu. Frank alipofikisha miaka 14 akawa yeye mwenyewe mpeleka simu, akabisha hodi kwenye milango ya wengine akiwa na bahasha ambazo kwao zilikuwa haziji. Akiwa na miaka 19 akapanda meli kurudi Marekani, akaja kuwa mwalimu wa sekondari New York kwa karibu miaka 30. Kitabu kilitoka amekwisha staafu, ana miaka 66.

Ukikisimulia hivyo, kwa ufupi, kinasikika kama orodha ya misiba. Wapo wasomaji waliokitupa kwa sababu hiyohiyo: wanasema umaskini umerundikwa juu ya umaskini mpaka moyo unakufa ganzi. Nadhani hao hawakusikia kicheko. Chukua ile nyumba ya Roden Lane. Choo cha kichochoro kizima kiko ubavuni mwa mlango wao, na kila familia inakuja hapo na ndoo yake. Masika yakiingia, maji yanafurika chini, jiko na sakafu vinaogelea. Familia inahamia ghorofani na vitanda na birika, inakaa huko kwenye ukavu na joto kidogo. Ghorofani wanakuita Italia. Chini wanakuita Ireland. Siku wanapofika mabwana wa chama cha msaada cha Mtakatifu Vincent wa Paulo kukagua kama kweli ni maskini wa kusaidiwa, wanakanyaga maji hadi ngazini na kuelezwa kwamba wenyewe wako Italia.

Au lile tukio la Krismasi. Pesa za msaada hazitoshi ila kununua kichwa cha nguruwe. Frank anakibeba kifuani mitaani, kimefungwa kwa gazeti. Gazeti linalowa, linachanika, na kile kichwa kinatokeza meno mbele ya wanafunzi wenzake wanaopita. Wanacheka. Na msomaji anacheka pamoja nao kabla hajajikamata. Hapo ndipo kazi ya McCourt ilipo: anakufanya ucheke upande wa wale wanaomcheka, kisha anakuacha umesimama na aibu yako.

Kicheko hicho ndicho kilichowagawa wasomaji, naamini, kuliko uongo wowote. Msomaji wa Chicago akicheka juu ya Italia na Ireland, anacheka kwa mapenzi, kwa sababu anajua mwisho: kijana atapanda meli, atakuwa mwalimu, atapata Pulitzer. Kwake ile mvua ni giza la kabla ya mapambazuko, na mapambazuko yako kwao Marekani. Msomaji wa Limerick hana meli ndani ya hadithi yake. Yeye alibaki. Aliolewa palepale, akazeeka palepale, akawasomesha watoto palepale, na mji wenyewe ukabadilika mikononi mwake. Sasa ulimwengu mzima unauliza: kumbe kwenu ndiko kule kwenye kile choo? Mwigizaji Richard Harris, mzaliwa wa Limerick na mtu mashuhuri kuliko McCourt kwa miaka mingi, alimshambulia hadharani. Watangazaji wa redio wakapokea. Mwaka 1999 Alan Parker alipotoa filamu ya kitabu hicho, yenye mvua isiyokatika hata kwa dakika moja, kidonda kikatoneshwa tena.

Sasa hoja yao ya kwanza, ile ya kumbukumbu. Inasema: kitabu kinaanza mtoto ana miaka mitatu na kitu, yuko kwenye uwanja wa michezo Brooklyn, na tunapewa mazungumzo neno kwa neno. Nani anakumbuka aliyoambiwa akiwa na miaka mitatu? Hakuna. Kwa hoja hiyo peke yake kesi ingekuwa imekwisha. Lakini angalia jinsi kilivyoandikwa. Baada ya kurasa chache za utangulizi wa mtu mzima, sauti inageuka. Inakuwa ya mtoto, kwa wakati uliopo, bila alama za kunukuu, sentensi zikifungamana kwa "na" na "na" kama mtoto anayesimulia huku akihema. Mtoto huyo hukua kurasa zinavyokwenda, na sentensi hukua naye. Huyo si shahidi aliyeapishwa mahakamani. Ni mzee wa miaka 60 na ushei aliyejenga mdomo wa mtoto ili aweze kusema asiyoweza kuyasema kwa mdomo wake. Lugha yetu hapa inatusaidia: tuna neno tawasifu, lenye uzito wa rekodi na miaka iliyopangwa, na tuna kumbukumbu, ambazo mwenyewe unajua kwamba huja zikiwa zimekatikakatika na kwenda zikiwa zimeunganishwa. McCourt aliandika kumbukumbu. Wasomaji wa Limerick walikidai kitabu kama tawasifu. Katika hilo mimi niko na McCourt, na sioni cha kuongeza.

Baba naye amewagawa wasomaji, na mgawanyiko huu naupenda kwa sababu kitabu chenyewe kimeukaribisha. Kuna wanaomchukia Malachy tangu Ijumaa ya kwanza. Analewa, anarudi usiku wa manane akiimba nyimbo za mashujaa wa uhuru, anawaamsha watoto na kuwapanga mstari waape kuifia Ireland, ilhali hata mkate hawana. Kuna wengine, wengi kuliko unavyodhani, wanaofunga kitabu wakiwa wanampenda. Kwa sababu asubuhi ni mtu mwingine. Asubuhi ameamka kabla ya wote, amewasha moto, amechemsha chai, na Frank anashuka kukaa naye peke yake, gazeti likiwa kati yao, akisimuliwa habari za dunia na za Cuchulain, shujaa wa hadithi za kale za Ireland. Mtoto anamlinganisha baba yake na Utatu Mtakatifu: watu watatu ndani ya mmoja, wa asubuhi na gazeti lake, wa usiku na hadithi na sala, na yule anayefanya lile jambo baya na kurudi ananuka pombe. Mtoto aliyefundishwa katekisimu kwa fimbo ameitumia katekisimu hiyohiyo kumsamehe baba. Mwandishi aliyeweza kuandika hivyo juu ya mtu aliyewaachia njaa hawezi kuambiwa kwamba aliandika kwa kinyongo tu.

Ila baba alipata Utatu. Mama alipata nini?

Hapa ndipo usomaji wangu wa pili ulipokwama, na ndipo ninapodhani ugomvi wa kweli ulipo. Angela katika kitabu ni mwanamke aliyekaa mbele ya majivu ya moto uliozimika, sigara mkononi, akiomba: aombe kwa chama cha msaada, aombe dukani, aombe kwa mama yake mzazi anayempa kwa masimango. Siku moja Frank anapita karibu na nyumba ya mapadri Waredemptoristi na kuona kikundi cha maskini wakingoja mlangoni wapewe makombo ya meza ya mapadri. Katikati yao, amevaa koti lake chafu la kijivu, yuko mama yake. Mtoto hasogei, hamwiti. Anaandika aibu yake. Ukurasa huo ukiusoma polepole utaona hautaki kumdhalilisha mama. Unamdhalilisha mtoto anayemwonea haya aliyemlisha. Lakini kwa msomaji aliyemjua Angela kwa sura, aliyekutana naye kanisani, ukurasa huohuo unasema jambo moja: mwana amemweka mama yake mlangoni pale mbele ya dunia nzima, na safari hii mlango haufungwi.

Kisha kuna ile nyumba ya binamu. Familia imefukuzwa Roden Lane baada ya kukata mbao za ukuta na kuzichoma wapate moto, ikaenda kukaa kwa binamu wa Angela, na kitabu kinaonyesha, kwa masikio ya mtoto aliye chini akisikiliza ya darini, kwamba malipo ya makazi yale hayakuwa kupika na kufua tu. Hiyo ndiyo sehemu iliyowachoma watu wa Limerick kuliko choo, kuliko mvua, kuliko kichwa cha nguruwe. Umaskini walikuwa tayari kuukubali, hata kwa kunung'unika. Hili la mama, hapana.

Wanaomtetea McCourt husema hakujificha. Ni kweli. Ameandika kwamba usiku wa kutimiza miaka 16, akiwa amelewa kwa mara ya kwanza, alimtukana mama yake kwa sababu ya binamu yule na kumpiga kofi. Ameandika kwamba alikuwa akimwandikia bibi mmoja mkopeshaji barua za vitisho kwa wadaiwa, majirani zake mwenyewe, na kwamba siku alipomkuta bibi huyo amekufa kitini alichukua pesa zake, akatupa daftari la madeni mtoni Shannon. Nauli ya Marekani ina pesa hizo ndani. Mtu anayejiandika hivyo, wanasema, ana haki ya kuandika na wengine. Amejivua nguo kwanza.

Hoja hiyo niliimeza nzima mara ya kwanza. Sasa inanikwama. Kujivua nguo wewe ni hiari yako, na huwezi kulipa deni la kumvua mwenzako kwa kuvua zako. Kitabu kimejaa majina. Yuko msichana mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye Frank akiwa kijana wa simu alikuwa akipeleka bahasha kwao. Wakaingia mapenzini kwa wiki chache, msichana akafa, na mvulana akabaki na hofu kwamba amempeleka motoni. Ni kurasa za kuumiza, na huruma imo. Lakini msichana huyo katika kitabu ana jina na ana ukoo, katika mji ambao jina na ukoo vikitajwa watu wanajua ni mlango upi. Yeye hakuwahi kuulizwa. Angela alifariki New York mwaka 1981, miaka 15 kabla kitabu hakijatoka. Naye hakuulizwa.

Hapa ndipo mimi ninapowatenga McCourt wawili. Kumbukumbu ni mali yake: ile mvua, ile njaa, ile hofu ya motoni, vyote ni vyake hata kama kwa jirani havikuwa hivyo, na hakuna mtu wa Limerick mwenye haki ya kumsahihishia baridi aliyoisikia mwilini mwake. Jina la mtu si kumbukumbu. Jina lina mwenyewe. Angeweza kubadilisha majina kumi na kitabu kisipoteze hata tone la nguvu, maana nguvu yake iko katika ile sauti, haiko katika anwani. Msomaji wa Marekani asingejua tofauti. Msomaji wa Limerick angepata pa kupumulia.

Jina la mama, hata hivyo, asingeweza kulibadilisha, na hapo msimamo wangu unaanza kuvuja, nakiri. Mwana wa Angela akiandika utoto wake anaandika Angela, apende asipende. Kwa hiyo simwambii kwamba angenyamaza. Ninachosema ni kwamba waliokasirika kwa niaba ya mama yule wasiitwe washamba. Walikuwa wakifanya kazi ambayo yeye mwenyewe angeifanya. Na aliifanya! Kabla ya kitabu, McCourt na mdogo wake Malachy, aliyepewa jina la baba, walikuwa na mchezo wa jukwaani uliojaa visa hivihivi vya Limerick. Angela alikuja kuutazama. Katikati ya onyesho alipaza sauti kutoka walikoketi watazamaji kwamba yote yale ni uongo mtupu. Wasomaji wengi hukitaja kisa hicho kama kichekesho kingine cha familia ya wachekeshaji. Mimi nakisoma kama uhakiki wa kwanza wa kitabu hiki, tena wa mtu pekee aliyekuwamo katika kila chumba.

Alimaanisha nini kusema uongo? Sidhani alikana kwamba watoto walikufa, au kwamba mume alikunywa. Huenda alikuwa na maana kwamba hayo hayakuwa yote. Mama aliyeomba makombo anakumbuka pia kwamba watoto wanne kati ya saba walikua. Hilo ni jambo alilolifanya yeye, kwa miguu yake, kwa kupanga foleni zilezile ambazo mwanawe alizionea haya. Kitabu kinalisema, lakini kwa sauti ya chini.

Inafaa kukumbuka pia kwamba nyumba ile ilitoa waandishi zaidi ya mmoja. Malachy mdogo alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1998, na Alphie, kitinda mimba, akachapisha zake mwaka 2008. Ndugu watatu, mama mmoja, vitabu vitatu ambavyo havifanani sauti. Anayetaka kujua "ukweli" wa Roden Lane kwa maana ya mahakamani atachoka kabla hajamaliza kuvioanisha.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu yetu ya kusitasita mbele ya vitabu vya namna hii, na sioni haya kuisema. Tawasifu zetu za mwanzo zililelewa kwenye sitara. Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliandika habari za maisha yake mwanzoni mwa karne ya 20, na ukimaliza kuzisoma unajua misafara, vita na pembe, lakini ya moyoni huyajui. Shaaban Robert katika Maisha Yangu alimlilia mkewe Amina, na kilio kikaja kwa shairi, kimevaa vizuri. Msomaji aliyekulia hapo akikutana na mwana anayesimulia yaliyosikika darini kwa mama yake, mkono unaenda wenyewe kufunga kitabu. Nimewahi kuwasikia wasomaji wazuri kabisa wakisema hawakumaliza kwa sababu hiyo. Sikuwabishia. Ila niliwaambia wanakosa ule ukurasa ambapo mtoto, kwa njaa, anachukua karatasi ya gazeti iliyofungia samaki na chipsi za mjomba wake na kuilamba mafuta, habari kubwa kwa ndogo, ukurasa wa mbele hadi wa michezo, mpaka wino unakwisha. Sitara haiwezi kukupa ukurasa huo.

Kitabu cha pili, 'Tis, kilitoka mwaka 1999 na kinaendelea pale cha kwanza kinapoishia kwa neno hilohilo moja. Wasomaji wengi waliokipenda cha kwanza walikiona hiki kichungu, na nakubaliana nao bila kupoteza muda: ile sauti ya mtoto imekua, na malalamiko ya mtu mzima mwenye kazi hayasameheki kama ya mtoto mwenye njaa.

Limerick yenyewe haikubaki ilipokuwa. Chuo Kikuu cha Limerick kilimpa McCourt shahada ya heshima mwaka 1997, gumzo likiwa bado la moto. Alifariki mwaka 2009. Miaka miwili baadaye jengo la Shule ya Leamy, alikopigwa fimbo, likafunguliwa makumbusho yenye jina lake. Mwaka 2017 tamthilia ya nyimbo iliyotokana na Majivu ya Angela ilianza kuonyeshwa mjini humohumo. Wageni wameletwa kutazama vichochoro ambavyo vingi vyake vilishabomolewa, wakiongozwa na watu wanaoishi kwa hadithi ambayo wazee wao waliiita uongo. Mtu mkali atasema pesa imewalainisha. Nadhani kuna zaidi: waliokuwa na majina kitabuni wamekwenda mmoja mmoja, na kizazi kilichobaki kinaweza kusoma kama wasomavyo wa Chicago.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji wa kila upande hulalamikia kwa umoja, nalo ni jina la kitabu. Majivu yenyewe yako wapi? Unasoma mwanzo hadi mwisho, Angela hafi. Kuna majivu ya moto uliozimika na ya sigara, basi. Majivu yake hasa yamo katika kitabu cha pili, kurasa za mwisho. Wanawe wanayatoa New York na kuyarudisha Limerick, hadi kwenye magofu ya abasia ya Mungret nje kidogo ya mji, waliko wazee wake, na wanayamwaga kwa mikono yao juu ya makaburi. Kisha wanakwenda kula chakula cha mchana.